Kibodi yako ya Sun haijafa

*"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita nilinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi moja hapa Dar kompyuta ya zamani ya kampuni ya Sun, SPARCstation, ile bapa inayokaa chini ya skrini, pamoja na kibodi yake Type 5 na kipanya. Kompyuta inawaka vizuri. Siku moja nikisafisha meza nilichomoa kibodi bila kuzima mashine, kila kitu kikasimama, skrini ikaandika ok. Niliogopa nikazima umeme. Mimi kazi yangu ni kuchapa nyaraka za watu, na vitufe vya kibodi ile vimenikaa mkononi, kwa hiyo nikaipeleka Kariakoo nikitaka itumike kwenye laptop yangu. Fundi akasema hiyo plagi ni PS/2, ila pini mbili zimezidi, tuzikate iingie kwenye adapta. Nikakataa. Akaunganisha waya zake mwenyewe, akabonyeza Caps Lock, hakuna taa iliyowaka. Akasema imekufa, nitupe. Je, ni kweli? Nimeiua mimi kwa kuichomoa? Na hasa naomba nielewe: kibodi inaongeaje na kompyuta, maana mimi naona waya tu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Ulivyokataa pini zisikatwe uliokoa kibodi yako, maana baada ya mkasi kupita pasingebaki cha kuzungumza. Katika yote uliyoandika sioni dalili hata moja ya kibodi iliyokufa. Naona kibodi iliyosalimiwa kwa lugha isiyoijua, ikanyamaza. Mgeni asiyejua Kiswahili akikosa kuitikia hodi yako humuiti bubu.

Na lile neno ok si tangazo la msiba. Nitalifikia, kwa sababu ukilielewa hilo utakuwa umeielewa kibodi nzima.

Fundi wa Kariakoo simlaumu sana. Plagi ya PS/2, ile ya kibodi za kompyuta za kawaida za zamani, na plagi ya Sun zote ni za mviringo, zina pete ya chuma ya kipenyo kilekile, na ukizitazama kwa haraka huoni tofauti. Lakini ya PS/2 ina pini 6 na ya Sun ina pini 8, na hata zile pini zinazoelekea kufanana hazibebi kitu kimoja. Ukikata mbili ukailazimisha ya Sun iingie kwenye tundu la PS/2, unaweza kupeleka umeme wa volti 5 mahali pasipostahili. Umbo la plagi linakuambia tu kitaingia wapi. Halikuambii kitasema nini kikishaingia.

Sasa twende ndani ya kibodi, tuanze na kitufe kimoja, A.

Chini ya kitufe cha A hakuna herufi A popote. Kuna mahali ambapo mistari miwili ya umeme inapitana, mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama, kama nyuzi za mkeka. Vitufe vyote zaidi ya mia vimepangwa kwenye mkeka huo ili zisihitajike waya mia. Ndani ya kibodi kuna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kuuzungukia mkeka bila kupumzika: inapeleka umeme kwenye mstari wa kwanza, inatazama ni mistari gani ya upande wa pili imepokea, inahamia unaofuata, inarudi mwanzo. Mzunguko mzima unakwisha kabla kidole chako hakijafika chini. Ikikuta mahali pamegusana, inasubiri kidogo sana ithibitishe, kwa sababu kitufe kikigusa huwa kinadundadunda kama mpira kabla hakijatulia. Bila subira hiyo ungebonyeza A moja ukapata tatu.

Ikisharidhika, chipu inatuma nambari. Kwenye kibodi za Sun za aina yako, A ni 77. Ukiinua kidole inatuma nambari nyingine, 205, ambayo ni ileile 77 ikiongezewa 128. Kanuni hiyo ni ya vitufe vyote: nambari yenyewe ikishuka, nambari jumlisha 128 ikipanda. Na kitufe cha mwisho kikishaachiwa, pasiwe na kidole chochote juu ya kibodi, inatuma 127, maana yake "mikono imetoka yote". Kwa hiyo ukigusa A mara moja tu, kompyuta imesikia 77, 205, 127. Hakuna A ndani ya habari hiyo. Kuamua kwamba 77 ni a ndogo, au A kubwa kwa sababu Shift imeshikiliwa, ni kazi ya programu iliyo upande wa kompyuta. Ndiyo maana chini ya kibodi yako utakuta swichi ndogondogo zimejipanga: hazibadilishi vitufe, zinaiambia kompyuta tu kwamba kibodi hii ina mpangilio wa nchi gani, ili ijue kuzitafsiri nambari.

Nambari hizo zinasafiri kwenye waya mmoja, biti (yaani 0 au 1) moja nyuma ya nyingine, kwa mwendo wa biti 1200 kwa sekunde. Kila nambari ina biti 8, inafungwa na biti ya kufungua na biti ya kufunga, jumla 10, kwa hiyo waya una uwezo wa kupitisha nambari 120 kila sekunde. Najua ukisikia 1200 siku hizi unacheka, lakini piga hesabu. Mchapaji hodari sana anafikisha vitufe 10 kwa sekunde. Kila kitufe kinadai nambari mbili, wakati mwingine tatu. Hapo hujafika hata theluthi moja ya waya. Waliotengeneza kibodi hii hawakuwa na haja ya kasi zaidi, walitaka kitu kinachofika kila mara bila kukosea.

Sikiliza hapa vizuri, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanaponaswa. Chipu nyingi za siku hizi zinazotumia mawasiliano ya aina hii, waya ukiwa kimya, unakaa kwenye volti 5, au 3.3 kwa nyingine. Waya wa Sun ukiwa kimya unakaa kwenye 0. Umegeuzwa juu chini. Mtu anaweza kupatia kasi, akapatia na waya, lakini kwa kutojua mgeuzo huu akapokea takataka tupu, halafu akaapa kwamba kibodi ni mbovu.

Na hapohapo ndipo lilipo jibu la lile ok. Ulipochomoa kibodi, waya wa upande wa kompyuta ukabaki hauna mwenyewe wa kuushikilia kwenye 0, ukapanda, ukakaa juu muda mrefu kuliko nambari yoyote halali. Tangu zamani mashine za namna hii zinausoma mpando mrefu kama huo kuwa ni ishara ya "simama, bwana mkubwa anataka kusema". SPARCstation ikatii: ikausimamisha mfumo wote palepale ulipokuwa, ikaufungua mlango wa programu ya msingi iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ambayo salamu yake ni hilo neno ok. Ni jambo lilelile linalotokea ukishikilia Stop, kile kitufe cha safu ya kushoto ambacho nambari yake ni 1, kisha ukabonyeza A. Hukuua kitu. Ungerudisha kibodi, ukaandika go na kubonyeza Return, kwa kawaida ungeikuta kazi yako pale ulipoiacha, ingawa kuichomeka mashine ikiwaka kuna hatari yake nitakayoieleza chini. Ulichokosea ni kuzima umeme ghafla baada ya hapo, maana mafaili yaliyokuwa wazi yanaweza kuumia. Mara nyingine ukiliona ok, tulia kwanza.

Kibodi pia inasikiliza. Kuna waya wa pili unaoleta amri kutoka kwenye kompyuta, na amri hizo ni nambari vilevile. Nambari 1 ina maana ya "jipime upya", na kibodi isiyo na hitilafu inajibu 255, kisha 4, kisha 127 kama hakuna kidole juu yake. Hiyo 4 ni jina la ukoo. Type 5 yako nayo hujitambulisha kwa 4, kwa sababu imefuata lugha ya Type 4 iliyoitangulia, kwa hiyo usishtuke ukiiona. Nambari 2 inawasha kengele, 3 inaizima, na sauti hiyo inatoka ndani ya kibodi yenyewe, kwenye kispika kidogo kilichomo humo. Nambari 10 inaleta mlio wa tik kila unapobonyeza, 11 inauondoa. Na nambari 14, ikifuatiwa na nambari nyingine moja, inawasha taa: ukitaka Caps Lock peke yake unatuma 14 halafu 8.

Umeona sasa kwa nini taa haikuwaka pale Kariakoo? Kubonyeza Caps Lock hakuwashi taa. Kunatuma nambari ya kitufe kwenda kwenye kompyuta, kompyuta inaamua, kisha *kompyuta* ndiyo inayotuma 14 na 8 ili taa iwake. Fundi aliunganisha kibodi na kitu kisichojua habari ya 14. Taa ingewashwa na nani?

Nilinganishe kwa ufupi na lugha nyingine mbili, PS/2 na USB, uone umbali ulivyo. PS/2, iliyoletwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za jina hilo, haitumii mwendo uliokubaliwa kabla. Ina waya wa data na waya wa mapigo, na kibodi ndiyo inayopiga ngoma, mapigo kati ya elfu 10 na elfu 16.7 kwa sekunde, kila pigo na biti yake, biti 11 kwa nambari moja ikiwemo ya kukagua makosa. Huko A kwa kawaida ni 28, na ukiiachia zinakuja mbili, 240 kisha 28. USB ni mambo mengine kabisa: kibodi haina ruhusa ya kuanza kusema. Kompyuta ndiyo inayouliza, "una lipi?", tena na tena kila baada ya milisekunde chache, na kibodi inajibu kwa bahasha ambayo katika muundo wake wa msingi ina baiti 8, yaani nambari 8: ya kwanza ni ya Shift, Ctrl na wenzao, ya pili haitumiki, sita zilizobaki ni vitufe vilivyoshikiliwa wakati huo. Humo A ni 4.

Kwa hiyo 77, 28 na 4, zote ni kitufe kimoja kilekile. Ndiyo maana adapta haiwezi kuwa waya tu. Utaniuliza, mbona kale kaadapta ka zambarau kanachotoka USB kwenda PS/2 kanafanya kazi na ndani hakana chipu? Kwa sababu kibodi zilizouzwa nako zilijua lugha zote mbili zenyewe, zikichomekwa zinatambua ziko wapi na kubadilisha. Kaadapta hakatafsiri chochote. Kibodi ya Sun haijafundishwa lugha hizo, na huwezi kuifundisha kwa kubadilisha plagi.

Kabla hujatumia hata shilingi, ipime kibodi mahali inapoeleweka, yaani kwenye SPARCstation yako. Zima mashine kabisa. Chomeka kipanya kwenye kibodi (kipanya cha Sun kinapitia kwenye kibodi, hakina tundu lake kwenye kompyuta), chomeka kibodi kwenye kompyuta, kisha washa. Taa za kibodi zitapepesa wakati mashine inajikagua. Kwenye skrini utaona mistari ya utambulisho, na karibu na jina la mashine pataandikwa Keyboard Present, au No Keyboard. Ukisoma Present, ujue mazungumzo yote mawili, kwenda na kurudi, yamefanyika: kompyuta ilituma 1 na kibodi ikajibu. Hapo ubishi wa kufa na kupona umekwisha. Kama kuna maneno yanayolalamikia IDPROM, hayo hayahusu kibodi. Ni betri iliyo ndani ya chipu ya kumbukumbu imechoka, tatizo la karibu kila mashine ya umri huo.

Ukisoma No Keyboard, au skrini ikabaki nyeusi kabisa huku mashine inanguruma, bado usiishutumu kibodi. Mashine hizi zikikosa kibodi zinahamishia mazungumzo yake kwenye tundu la siriali la nyuma, kwa hiyo skrini nyeusi inaweza kuwa ni hilo tu. Angalia kipanya pia. Kama kibodi na kipanya vimekufa kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni fyuzi ndogo ya kwenye mazabodi inayolinda ule umeme wa volti 5 unaokwenda kwenye tundu la kibodi. Hili nimejifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, kwenye ofisi moja niliyokuwa nikihudumia, nilichomeka kibodi ya namna hii mashine ikiwa inawaka, plagi ikaingia imepinda kidogo, ikazimika. Nilifungua kibodi siku mbili, nikasafisha kila kitufe, watu wamesimamishiwa kazi yao wananingoja, kumbe iliyoungua ni fyuzi. Tangu siku ile kibodi ya Sun au ya PS/2 siichomeki wala kuichomoa umeme ukiwepo. Kati ya hizi tatu, USB pekee ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Tuseme imepona, na nina imani imepona. Je, utaitumiaje na laptop?

Unahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ni bodi ndogo yenye chipu inayoweza kujifanya kibodi ya USB. Inayotumika sana ni ATmega32U4, utaikuta kwenye Arduino Leonardo na kwenye bodi ndogo zinazouzwa kwa jina la Pro Micro. Upande mmoja inasikiliza 77, 205, 127, upande wa pili inaiambia laptop 4. Huhitaji kuandika programu mwanzo mwisho: QMK, programu huria ya kibodi, ina sehemu iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kibodi za Sun, na ule mgeuzo wa juu chini umeshafikiriwa humo. Waya ni nne tu: ardhi, volti 5, wa kutuma na wa kupokea. Kwenye plagi, pini 1 na 2 ni ardhi, 3 na 8 ni volti 5. Hata hivyo usiniamini mimi wala rangi za waya, pima kwa mita kwenye tundu la SPARCstation likiwa linawaka, kwa sababu ukiitazama plagi kwa mbele na ukilitazama tundu kwa mbele, hesabu ya pini inageuka kama kwenye kioo. Kosa hilo moja ndilo linalounguza vitu kuliko yote. Na usikate waya wa kibodi. Tafuta soketi ya pini 8 uuchomekee humo, ili siku ukitaka kuirudisha kwa mwenzake iwe nzima.

Nikupe ukweli wa upande wa pili. Kama kitu unachopenda ni mpangilio tu, Ctrl kukaa kando ya A na ile safu ya kushoto yenye Stop, Again, Copy na Paste, Sun wenyewe walitoa baadaye Type 6 na Type 7 za USB zenye mpangilio huohuo. Ukiipata moja unachomeka tu, kazi imekwisha. Kama unapenda ile namna vitufe vyako vinavyoshuka, hapo hakuna mbadala, fanya ya mkalimani. Na kama shida ni kuchapa nyaraka za wateja kesho asubuhi, nunua kibodi ya kawaida leo, hii ifanye polepole jioni. Sipendi kuona mtu anafanya majaribio ya solda kwenye chombo kinachomlisha.

Kuna pia la hewa yetu. Hapa Dar chumvi ya baharini na jasho la masika vinakula migusano ya vitufe. Vitufe vikianza kugoma kimoja kimoja, mara nyingi ni uchafu au kutu kwenye ule mkeka, na spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha. Ikigoma safu nzima, tuseme vitufe kadhaa visivyokaribiana vyote kwa mpigo, basi mstari mmoja wa mkeka umekatika, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono mzuri.

Usifanye mwenyewe kubadilisha fyuzi iliyolehemewa kwenye mazabodi kama hujawahi kushika solda, na usifungue kabisa kile kisanduku cha umeme cha kompyuta, kwa sababu kinaweza kubaki na chaji hatari hata kikiwa kimechomolewa ukutani. Ukisikia harufu ya kuungua, acha. Kwa hayo nenda na mashine nzima kwa mtu mwenye mita na uvumilivu. Ukiwa na ndugu au jirani anayesoma elektroniki pale DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, au CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Kijitonyama, mwombe akutazamie waya wa kibodi kwa osiloskopu, kile kifaa kinachouchora umeme kwenye skrini. Utaziona 77 na 205 zikipita kama vigingi, na mtu yeyote atakayekuambia imekufa utamwonyesha.

Anza na ule mstari wa Keyboard Present. Ukishauona au ukiukosa, niandikie maneno yote yaliyo kwenye skrini kama yalivyo, na uniambie kama kipanya kinasogea. Tutaendelea kutokea hapo.